Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: chumvi yetu inatoa jasho

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, salaam, na pole na majukumu.

Nakuandikia kutoka Nunge, kwenye majaruba ya chumvi. Februari tulipakia magunia 60, chumvi nyeupe pe. Mnunuzi akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa umelowa, akatuachia mzigo wote. “Hamkuianika,” akasema. Jua lile la kaskazi, tusianike?

Kosa si la jua. Maji ya bahari tunayoyaingiza wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana, yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, tena chumvi za namna nyingi. Yakipungua, jasi hutangulia kuganda. Chumvi ya kula hufuata maji yakifika digrii 25 au 26 za Baumé, kipimo cha ukolevu wa maji ya chumvi. Chumvi za magnesiamu hubaki nyuma, ndani ya yale maji machungu yanayoteleza mkononi kama mafuta. Sisi, kwa uroho wa gunia moja zaidi, tunayaacha yakaukie humohumo.

Hapo ndipo tunapojiharibia. Chumvi safi haivuti maji mpaka unyevu wa hewa ufike asilimia 75. Magnesiamu kloraidi, mojawapo ya chumvi za yale maji machungu, huanza kwenye asilimia 33 tu. Pwani hii, usiku gani uko chini ya hapo? Gunia linakunywa hewa usiku kucha, asubuhi sakafu ya banda ni tope.

Dawa ni kuyafungulia maji machungu yatoke kabla hayajapita digrii 29 au 30, kisha chumvi ioshwe kwa maji safi yaliyokwisha kushiba chumvi, ambayo hayawezi kuyeyusha hata chembe ya chumvi ya kula. Wazee walikadiria kwa ulimi. Mimi wangu umeshakufa ganzi, siuamini.

Kwa hiyo naomba haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha digrii hizo, moja kwa kila kikundi. Hakitaki umeme wala fundi. Na tuombee mtaalamu wa uhandisi kemikali kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akae nasi tangu bamvua moja hadi nyingine, atuonyeshe pia pa kuyamwaga maji machungu, maana tukiyaelekeza kwenye mikoko tutaanzisha kesi nyingine.

Aje msimu huu wa kusi; mvua zikianza hatakuta cha kupima. Na asivae viatu vya ngozi, majaruba yatavila.

Wako mtiifu,
Mvuna chumvi, Nunge