Malalamiko: Mlituuzia Kasri la Mysore, mkatupeleka dukani

Dar es Salaam,
18 Novemba 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA MYSURU ILIYOKWENDA KINYUME NA RATIBA, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita familia yangu ilikuwa Bengaluru, India, tulikompeleka mama yangu mzazi kwa matibabu ya moyo. Daktari alipomruhusu kutoka, tulilipia safari ya kutwa kwenda Mysuru (zamani Mysore), mji wa wafalme wa ukoo wa Wadiyar, kilomita zipatazo 145 kutoka Bengaluru. Tulilipa dola 85 kwa kila kichwa, watoto wakiwemo, na ratiba yenu inasema viingilio vyote vimo ndani ya bei hiyo. Nakala naambatisha.

Ratiba ilitaja Jumapili, nasi tuliichagua siku hiyo makusudi. Jumapili jioni na siku za sikukuu ndipo Kasri la Mysore huwashwa taa zake zote, karibu laki moja, na kipeperushi chenu kimepambwa kwa picha hiyohiyo. Jumamosi usiku ukaja ujumbe kwenye simu kwamba gari lina hitilafu, tutaondoka Jumanne. Hatukuulizwa. Na Jumanne ndiyo siku ambayo bustani ya wanyama ya Mysuru, mliyoiweka kwenye ratiba kwa ajili ya watoto, hufungwa kila wiki. Kampuni inayouza safari za Mysuru mwaka mzima ilikuwa hailijui hilo? Tangazo la getini wanangu walilisoma kabla ya dereva wenu.

Tulipoingia mjini hatukupelekwa kasrini, tulipelekwa duka la hariri. Dereva alipokewa kwa jina lake na kuletewa chai, sisi tukatandaziwa sari hadi adhuhuri ikapita. Tuliambiwa ni hariri halisi ya Mysore. Sari halisi hutoka kwenye kiwanda cha shirika la serikali ya jimbo la Karnataka, kilichoanza mwaka 1912, na kila moja ina namba yake na alama ya hologramu. Zile hazikuwa na hili wala lile. Mke wangu anauza vitambaa Kariakoo, alizishika ncha tu akaziachia. Kutoka hapo tukaingizwa duka la mafuta ya msandali na udi. Cha juu cha dereva sigombani nacho, kila mtu anatafuta riziki. Nagomba kwa sababu kililipwa kwa saa zangu.

Kasri hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Sisi tulifika saa kumi na robo hivi, tukadaiwa viingilio upya mlangoni (risiti naambatisha), kisha mwongoza watalii wenu akaanza kutukimbiza. Mama alisimama kwenye ukumbi wa harusi wa pembe nane, chini ya dari ya vioo vya rangi yenye tausi, akauliza vioo vile vilitoka wapi. Jibu lilikuwa "twende, twende." Vilitengenezwa Glasgow, Uskoti. Mimi nilikuja kulisoma hilo baadaye kwenye simu, ilhali mwongoza watalii ndiye aliyelipwa kulijua.

Mahali pekee aliposimama kueleza, alieleza uongo: eti kasri lilijengwa na Tipu Sultan, mtawala Mwislamu wa Mysore wa karne ya 18. Tipu aliuawa vitani Srirangapatna mwaka 1799. Kasri hili lilianza kujengwa mwaka 1897, baada ya lile la zamani la mbao kuungua wakati wa harusi ya binti mfalme, likakamilika mwaka 1912 kwa michoro ya msanifu majengo Henry Irwin.

Na hapa ndipo palipotuuma zaidi. Srirangapatna imo kwenye ratiba yenu: Daria Daulat, jumba la kiangazi la Tipu la mwaka 1784, na Gumbaz, alikozikwa pamoja na baba yake Haidar Ali na mama yake. Mji huo uko njiani, jirani kabisa na Mysuru. Mama yangu alitoka hospitali na Yasini mkobani kwa ajili ya ziara hiyo moja. Asubuhi dereva alisema tutapita wakati wa kurudi. Jioni akasema giza limeingia. Mama hakusema kitu, na nyinyi hamumjui mama yangu, akinyamaza ujue amekasirika. Kilima cha Chamundi hata sikitaji, maana kilikuwa kwenye karatasi tu.

Nadai nusu ya nauli ya watu wote tuliosafiri, pamoja na fedha zote za viingilio tulizotozwa mara ya pili. Nataka pia maelezo ya maandishi: nani aliidhinisha siku kubadilishwa, na kwa nini maduka yasiyokuwemo kwenye ratiba yalikula muda wa sehemu zilizokuwemo. Mwakilishi wenu amenipigia simu akinipa punguzo la safari ijayo. Silitaki.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipofika, nitaipeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani.

Wako,

(Saini)
Mteja, safari ya Mysuru