Herufi Zile Si Talasimu, Mtani

Shangani, Mtwara

Mtani wangu,

Salaam nyingi kutoka kusini. Huku hatujambo, kaskazi imeshaanza kuvuma na minada ya korosho inaelekea ukingoni. Mama anakusalimu, anauliza lini utarudi kumaliza ule mhogo ulioukimbia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu barazani hadi jirani akauliza kuna nini. Eti ile Idd ulipokaa nyuma yangu ukaniona nabonyeza nukta pacha, w, halafu q, ukajua nasoma talasimu! Na habari hiyo umeshaimwaga ofisini kwenu, kwamba mtu wako wa Mtwara haandiki programu, anaizungua. Umenipata, na utani huo nimeupenda.

Lakini mwishoni sauti yako ilibadilika. Ukasema kijana wako anayeanza kujifunza programu aliingia kwenye Vim, ile programu ya kuandikia na kuhariri maandishi, bila kukusudia, akahangaika, akashindwa kutoka, akaichomoa kompyuta ukutani, na tangu siku hiyo hataki kuiona tena skrini nyeusi. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Ningekujibu kwa simu, lakini mambo haya yanataka kusomwa taratibu, tena yeye mwenyewe ayasome.

Tuanze na mlango wa kutokea. Abonyeze Esc, kile kitufe cha kona ya juu kushoto. Kisha nukta pacha, q, alama ya mshangao, halafu Enter. Ametoka, na faili limebaki kama alivyolikuta. Kama ameandika kitu anachotaka kukitunza, basi ni Esc, nukta pacha, wq, Enter: w ya kuhifadhi, q ya kuondoka. Hivyo tu. Na asione haya hata kidogo. Mwaka 2012 mtu mmoja aliuliza kwenye Stack Overflow, tovuti ya maprograma kuulizana maswali, namna ya kutoka humo, na kufikia 2017 swali lile moja lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Maprograma wenyewe wana utani wao: ukitaka nywila ambayo hakuna mwizi ataibahatisha, mkalishe mgeni mbele ya Vim, mwambie atoke, kisha nakili kila anachobonyeza.

Kilichomnasa ni kwamba kile kihariri kina hali mbili kuu. Ukikifungua, herufi za kibodi si herufi, ni amri: x inafuta, j inashuka, u inarudisha ulichoharibu. Ukibonyeza i ndipo zinageuka herufi za kuandikia. Ukibonyeza Esc zinarudi kuwa amri. Kijana hakujua, akaanza kuandika jina lake, na kila herufi ya jina ikafanya kazi ambayo hakuituma. Mtu yeyote angechomoa waya.

Umeuliza ni nani aliyekaa akabuni mateso haya. Swali hilo nilikuwa nalo miaka, na jibu lake lilinibadilisha kabisa. Mwaka 1976 Bill Joy alikuwa mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa akiandika kihariri cha vi, babu yake Vim, akiwa nyumbani, kwa modemu ya baudi 300, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu. Modemu ya namna hiyo hupitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920. Piga hesabu: kuijaza yote kunakula zaidi ya dakika nzima. Mtu anayesubiri kiasi hicho ili aone alichoandika hawezi kuchezea menyu. Anataka herufi moja imfanyie kazi ya sentensi.

Na vile vitufe vya h, j, k, l ambavyo ulinicheka navyo, ukisema mbona natembea kwa herufi wakati vishale vipo? Mashine aliyotumia, ADM-3A, yaani skrini na kibodi tu vya kuzungumza na kompyuta iliyo kando, haikuwa na vishale vya peke yake. Vilichorwa juu ya herufi hizohizo nne: H kushoto, J chini, K juu, L kulia. Na Esc yake ilikaa jirani na Q, pale ilipo Tab siku hizi, yaani kidole cha mwisho kinaifikia bila mkono kuhama. Leo Esc imepelekwa kona ya mbali, halafu tunamlaumu Bill Joy.

Sasa nikueleze kwa nini mimi siiachi. Unakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar imekatika huko Kilwa, mabasi yamesimama. Hatujakaa sawa, tarehe 12 kebo za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika, mtandao ukawa wa kudokoa. Mimi mkononi nilikuwa na orodha ya wakulima wa chama cha msingi kimoja cha huku, wanaosubiri salfa. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikuambie: mkorosho ukianza kutoa maua bila kupulizwa salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unayamaliza maua na mwaka wako umekwisha. Orodha ilikaa kwenye seva, kompyuta ya kutunzia data, huko Dar. Jina la kijiji kimoja lilikosewa herufi moja, na mkulima asiyeonekana kwenye kijiji chake hapewi mfuko. Mbaya zaidi, neno lile lililokosewa lilikuwa pia jina la ukoo la wakulima kadhaa, kwa hiyo huwezi kusema badilisha yote kwa mpigo. Lazima uliangalie kila moja.

Kurasa za mtandaoni hazikufunguka siku nzima. Usiku nikaingia kwenye seva kwa terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kila herufi niliyobonyeza ikichukua kama sekunde mbili kuonekana. Nikafungua orodha kwa Vim. Nikabonyeza mkwaju (/) na kuliandika neno. Kielekezi, ile alama inayoonyesha ulipo, kikaenda chenyewe hadi juu yake. Nikabonyeza cw, nikaandika jina sahihi la kijiji, nikabonyeza Esc. Baada ya hapo kazi yote ilibaki vitufe viwili. n, nenda kwa linalofuata. Nukta, rudia nilichofanya. Natazama: hiki ni kijiji, nukta. n. Huyu ni mtu na ukoo wake, namwacha. n. Kijiji, nukta. Mahali 60 hivi, usiku kucha feni inazunguka na nje mbwa wa Shangani wanabweka, na hadi adhana ya alfajiri orodha ilikuwa imenyooka. Kitu kilichotengenezwa kwa modemu ya 1976 kilinibeba siku ambayo vya kisasa vyote vilikuwa vimelala. Nukta ile, mtani, naipenda kuliko kitufe kingine chochote.

Mwambie kijana ajaribu hili sasa hivi, ni dogo na tamu. Aandike neno "korohso", vilevile lilivyokosewa. Abonyeze Esc, kisha apeleke kielekezi juu ya h. Abonyeze x: h imeondoka, kielekezi kimekaa juu ya s. Abonyeze p: h imerudi, safari hii nyuma ya s. Korosho. Vitufe viwili. Na kama ni mistari miwili iliyopishana, ni ddp: wa juu umekwenda chini. Nilipoona hili mara ya kwanza nilikaa nikaandika makosa makusudi, niyarekebishe tu.

Ila asikariri. Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa ndipo nataka unisikilize hata kama mengine utayacheka. Watu huchapisha karatasi ya njia za mkato, wanaibandika ukutani, wanakariri ciw, wanakariri dt, wanachoka, wanasema ni uchawi. Si orodha ile. Ni lugha. d ni futa, c ni badili, y ni nakili. w ni neno. Basi dw ni futa neno, cw badili neno, yw nakili neno. Weka i katikati: ciw, badili ndani ya neno, hata ukiwa umesimama katikati yake. Badala ya w weka alama za kunukuu: badili kilichomo ndani ya nukuu. dt na mkato: futa hadi ukaribie mkato. Weka tarakimu, d3w: futa maneno matatu. Ukijua vitenzi vitano na majina kumi, umepata sentensi hamsini ambazo hakuna aliyekufundisha.

Na lugha ya namna hii nani anaijua kuliko sisi? Chukua neno "hawajaniandikia". Ha, wa, ja, ni, andik, i, a. Kukanusha, wao, wakati, mimi, kitendo, kutendea. Hakuna mtoto aliyekaririshwa neno hilo zima. Alizijua sehemu, akaziunga mwenyewe, na siku ya kwanza kulisema hakushangaa. Mtu anayesema "hawajaniandikia" kwa pumzi moja hana sababu ya kuogopa ciw. Nilipomfundisha mdogo wangu sikumwonyesha karatasi. Nilikaa naye, kila anachobonyeza akawa anakisema kwa Kiswahili kwa sauti: badili, ndani, neno. Futa, hadi, mkato. Kufikia jioni alikuwa ananitungia mwenyewe ambazo sikumwambia.

Jambo moja la hatari lazima ajue. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. j ndogo inashuka mstari. J kubwa inaunganisha mstari uliopo na unaofuata. Siku moja Caps Lock iliwaka bila mimi kuona, nikashuka kwenye orodha kwa haraka, na kila nilipobonyeza mkulima mmoja alimezwa na mstari wa mwenzake. Nilipotazama, watu ishirini walikuwa mtu mmoja mwenye jina refu. Mwili ulinisisimka, maana kila mstari ule ni mtu na shamba lake. u ndogo ilinirudishia wote, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo afundishwe u kabla ya kitu kingine chochote, na ajue kuwa U kubwa ni amri nyingine. Mimi Caps Lock nimeigeuza kuwa Esc, na tangu hapo nina amani mara mbili: haiwaki tena, na Esc imerudi karibu na kidole kama ilivyokuwa kwa Bill Joy.

Yule mwenzako anayetumia Emacs, kihariri kingine kinachoshindana na vi, naye msimsumbue sana. Emacs ya kwanza ilianza mwaka huohuo wa 1976, kwa Richard Stallman na Guy Steele pale chuo cha MIT, Marekani. Wao hawana hali mbili. Wanashikilia Ctrl na vitufe vingine hadi kidole cha mwisho kinalalamika. Kutoka ni Ctrl na x, kisha Ctrl na c. Ukipotea, Ctrl na g. Humo ndani mna Tetris na hata daktari wa kuzungumza naye ukiwa na huzuni. Watu wa vi husema Emacs ni mfumo mzima wa kompyuta, kimekosekana kihariri tu. Wa Emacs nao husema vi ina hali mbili: ya kupiga kelele na ya kuharibu kazi. Wageni wanaita vita. Mimi na wewe tunaujua utani tukiuona. Mtani atakutukana harusini, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alipofariki tarehe 3 Agosti 2023, niliona watu wa Emacs wakiandika pole kama waliofiwa na wao.

Na huyo Bram ndiye ninayetaka kijana amjue. Akifungua Vim tupu, bila faili, mara nyingi atakuta katikati ya skrini maneno ya Kiingereza yanayosema wasaidieni watoto maskini wa Uganda. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni tangazo lililopotea njia. Kumbe Bram alikwenda Kibaale mwaka 1994, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, kule karibu na mpaka wetu wa Kagera, akafanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Vim akaendelea kuitoa bure kwa dunia nzima, na anayetaka kushukuru akamwomba awachangie watoto wale. Miaka yote hiyo, programu inayofunguliwa Tokyo na Chicago imekuwa ikitaja majirani zetu. Jambo hili hunigusa kila ninapolifikiria. Siku kijana atakapoifungua tena, asome mstari ule kwanza kabla hajabonyeza chochote.

Basi afanye hivi. Kama Vim imo kwenye kompyuta yake, kwenye terminali aandike vimtutor, abonyeze Enter. Ni somo la nusu saa hivi, analifanya kwa mikono, akiharibu haliharibiki. Likizo ikifika mlete huku, nitakaa naye barazani siku tatu, na jioni tutamshusha ufukweni apumzishe macho.

Karatasi niliyomwandikia, ya vitenzi na majina yake kwa Kiswahili, nimeifunga ndani ya mfuko wa korosho. Mfuko nimempa kondakta wa basi la alfajiri. Nitakutumia namba yake kwa simu. Kilo mbili zilizobanguliwa ni za mama yako. Zile za kukaanga ni za kijana, na usizimalize kabla hajazifikia.

Mimi mtani wako,
wa Shangani