Madamu anakaribia kuzaa

Poli, Meru
Jumapili jioni, Agosti

Mpendwa Mama Aneth,

Bwana asifiwe. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira zake, na Bibi bado anaulizia yale mablanketi uliyomwahidi. Najua umeshaanza kucheka, unasema Mama Eli akiandika barua ujue ana shida. Ninayo, na naitaja sasa hivi kabla sijapotelea kwenye habari za kwaya: naomba uniazime kijana wako Godlisten.

Binti yangu Upendo anajifungua mwisho wa Septemba, kule Mwanza. Uzazi wa kwanza, mama mkwe wake ndiyo kama ujuavyo, Mungu amrehemu, kwa hiyo wa kwenda kumpikia mtori na kumkanda ni mimi. Hilo halina mjadala. Sasa sikia kichekesho. Madamu, ng'ombe wangu, alipandishiwa kwa sindano mbegu ya kituo cha Usa River katikati ya Desemba. Hesabu siku 283 uone unaangukia wapi. Wiki hiyohiyo! Wajawazito wawili, mkunga mmoja, na katikati safari ya basi ya kutwa nzima.

Baba Eli anasema niende tu, yeye atasimamia. Mama Aneth, huyu mwanamume unamjua. Maziwa anayafahamu yakishafika kwenye chai.

Kazi za kila siku hazinitishi. Kukata majani, kuchota maji, kuzoa samadi kupeleka migombani, mtu yeyote mwenye mikono atafanya, hata Eli akitoka shule. Kinachoninyima usingizi ni homa ya maziwa, ile ya ng'ombe kuishiwa kalsiamu mwilini akishazaa. Mzao wake uliopita wewe ulikuwa Machame kwenye msiba, hukuona. Jioni Madamu alianza kuyumba miguu ya nyuma, akaacha kula. Usiku tukamkuta amelalia kifua, shingo kaikunja mpaka pua inagusa ubavu. Nikamshika masikio, baridi kabisa. Pua kavu, kinyesi hakuna. Bwana mifugo alipofika na pikipiki yake hakukimbilia sindano. Kwanza aliitumbukiza chupa ya kalsiamu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, ndipo akatafuta mshipa wa shingo. Dawa iliingia polepole, polepole mpaka nikataka kulia, na muda wote anasikiliza moyo, maana ukiiharakisha unaweza kumsimamisha moyo palepale. Mimi ndiye niliyeinua chupa, mkono umekufa ganzi. Chupa haijaisha, Madamu akaanza kutetemeka ubavuni. Akabeua. Akanya (sijawahi kufurahia mavi kiasi kile). Baadaye akajikusanya, akasimama, akatutazama kwa dharau kama sisi ndio tuliomwamsha.

Ng'ombe akishaipata mara moja, mara nyingi humrudia. Na huu ni mzao wa nne, na wingi wa maziwa yake unaujua.

Ndiyo maana sitaki kibarua. Yule kijana wetu wa zamani kaingia kwenye bodaboda, na simlaumu, pikipiki haiamshi mtu saa kumi na moja. Shemeji ananiambia uza, unapata wapi nguvu za ng'ombe na umri huo. Huyohuyo shemeji ndiye wa kwanza kuleta chupa jioni. Siuzi.

Godlisten amesomea mifugo pale Tengeru, hayo ninayoyaandika atayaona ya mtoto wa chekechea. Lakini mwambie hali ilivyo: Madamu nimeshamkausha maziwa tangu mwisho wa Julai, chuchu zote nne nimezitia dawa. Wiki tatu za mwisho lukina, yale majani ya mti yenye kalsiamu nyingi, inasimama, na ile chumvi ya madini yenye kalsiamu nyingi nayo inasimama. Nyasi, mabua na pumba kidogo basi. Bwana mifugo alinieleza kwamba akipata kalsiamu nyingi ya bure kipindi hicho mwili unazembea, haujifunzi kuitoa kwenye mifupa, halafu maziwa yakishuka kwa kishindo anaanguka. Akishazaa ndipo arudishiwe, tena kwa ukarimu. Na siku mbili tatu za mwanzo wasimkamue wakammaliza. Ndama apate dang'a, yale maziwa ya kwanza, mapema, yaliyobaki yatajiendesha.

Pumba nayo, usiniulize. Gunia la mwisho nililonunua nililimwaga kwenye karai la maji, mchanga ukatulia chini kama nimeota shamba la pwani. Nimehama duka. Majani yenyewe kiangazi hiki ni ya kuombea, tunamchanganyia migomba iliyokatwakatwa, ambayo kwangu mimi ni maji yaliyosimama wima tu, inamjaza tumbo bila kumshibisha.

Aa, na kuku. Chanjo ya mdondo inaangukia mwezi huohuo, ile ya tone moja jichoni. Wakamatwe usiku wakiwa wamelala, mchana utawafukuza mpaka kwa jirani. Lakini kuku hata Baba Eli na Eli wataweza. Madamu ndiye hapana.

Sikuombi bure. Nauli ni yangu, chumba kiko wazi, nitamlipa cha mwezi kama wanavyolipwa wengine, na maziwa ya jioni baada ya ndama kushiba ayauze mwenyewe pale kituoni, simdai hesabu. Ningependa aje wiki mbili kabla, wazoeane. Madamu mgeni humpiga teke kwanza, ndipo humsalimia.

Sasa nijibu. Kijana ameshapata ile ajira aliyokuwa anaifuatilia, au bado wanamzungusha? Akija kwangu na wewe mbuzi wako nani atawaangalia? Ule mguu wako unaendeleaje, unapanda ngazi? Ni kweli Mama Furaha anahamia Dodoma, au ni maneno ya sokoni? Na ile mbegu ya majani ya mabingobingo uliyosema haikauki upesi, bado unayo? Kama ipo, Godlisten aje na vipande kwenye kiroba, nipande mvua za vuli zikianza.

Ukinipigia, piga baada ya saa moja jioni, kabla ya hapo simu naiacha ndani nikiwa bandani.

Wako,
Mama Eli