Matangazo ya simu yanawapa matapeli maficho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ujumbe mfupi unaoingia katika simu zetu bila kuombwa, kero inayotuelemea zaidi huku Urambo, mkoani Tabora, wakati wa masoko ya tumbaku, kila mkulima anapongoja taarifa ya malipo yake.

Ujumbe wenyewe wasomaji wanaufahamu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mtumaji hamjui anayemwandikia, ila anajua kwamba kati ya watu wengi hakosi mmoja aliyekuwa kweli akijiandaa kumlipa mwenye nyumba au kibarua, na huyo mmoja anamtosha. Yupo pia mganga anayemwita kila mtu "mjukuu wangu".

Lisilosemwa sana ni kwamba matapeli hawa wamejificha nyuma ya matangazo halali. Simu ya mzee wa kijijini hupokea ofa za vifurushi, mialiko ya kubeti na miito ya nyimbo, na karibu yote huanza kwa "Hongera!" au "Ndugu mteja". Aliyezoeshwa kupongezwa hivyo na kampuni yake ya simu atamtambuaje anayempongeza kwa hila? Kampuni zisimtumie mteja matangazo hadi akubali mwenyewe, na akichoka ayasitishe bure kwa neno moja la Kiswahili.

Sheria haikukosekana. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Usajili wa laini kwa alama za vidole nao ulianza mwaka 2019, lakini wakala asiye mwaminifu humwambia mteja arudie kuweka kidole kwa kisingizio kwamba mashine haijasoma, kumbe anasajili laini ya pili. Ndiyo maana ni vyema kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende akaifute.

Wengi wetu hufuta ujumbe wa tapeli tukadhani yamekwisha, wakati namba yake inaendelea kuwasumbua wengine. Vijana hupenda kumjibu kwa matusi, jambo linalomthibitishia tu kwamba namba ina mtu. Inavyotakiwa ni kuupeleka ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha, ukijibiwa, kutuma namba ya aliyeuandika.

Nawaomba viongozi wa AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, walitangaze hilo kabla malipo hayajaanza kutoka, tena kwa Kinyamwezi pale penye wazee, na waeleze pia kwamba kampuni ya simu humpigia mteja kwa namba 100 pekee.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora