Kwa nini picha haikwenda hata kwa jirani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona unauliza. Unataka kujua ilikuwaje ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ikasumbua karibu nchi nzima: bibi yako ukimpigia simu ya kawaida anapokea vizuri, lakini picha ya WhatsApp haiendi hata kwa jirani.

Kwa kuwa simu haina waya, wengi hudhani intaneti inatoka angani. Hewani ujumbe hukaa kidogo tu. Hutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa karibu, kisha mara nyingi hushika njia ya nyaya zilizofukiwa ardhini. Simu yako kwa bibi ilizunguka humuhumu nchini. Ile picha ilibidi ipitie kwanza kwenye kompyuta kubwa za WhatsApp huko ng'ambo, ndipo irudi kwa jirani. Na ng'ambo tunafika kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Siku hiyo mbili kati yake, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo, kila mmoja mwembamba kama unywele. Humo hupita mwanga, ukiwaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde. Sauti, picha na maandishi vyote vimegeuzwa kuwa moja na sifuri: kuwaka ni moja, kuzimika ni sifuri. Mwanga huo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde.

Kabla Seacom haijawashwa Julai 2009, pwani yetu ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Swali lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke, karibu nusu sekunde imekwisha. Baba yako akipiga kutoka Muscat tulikuwa tukigongana maneno: nikiona kimya nadhani amemaliza, naanza kusema, kumbe sauti yake iko njiani.

Waya ukikatika, meli huenda kuuopoa baharini, mafundi wakaunganisha uzi kwa uzi kwa kuuyeyusha, kisha wakaurudisha chini. Ni kazi ya siku nyingi, nami nawaheshimu sana wanaoifanya.

Umeuliza pia mwanga unapindaje pamoja na waya. Toboa tundu dogo ubavuni mwa chupa ya plastiki, jaza maji, zima taa, kisha mulika leza kutoka upande wa pili ukilenga tundu. Maji yatatoka yakipinda na mwanga utayafuata, kwa sababu ukigonga ukingo wa maji kwa mshazari hurudishwa ndani. Ndivyo ilivyo kwenye kioo. Mwombe mwalimu wa fizikia awepo, wala usimmulike mtu machoni.

Nauli ya likizo nitaituma kwa matroni wiki ijayo.

Mama yako