Mmesifia viti, samaki mbona hamkumtaja?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Chikongola. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu kuhusu mgahawa mmoja wa hapa Mtwara mjini, ule uliofungwa muda mrefu kwa ukarabati afu ukafunguliwa tena juzi juzi minada ya korosho ilipoanza. Jina silirudii, nyie mmeshalitangaza vya kutosha, na mwenyewe huwa tunasali msikiti mmoja sitaki tuanze kukwepana macho. Wenyeji wanaujua, ule wa makuti na mabenchi ya mninga, sasa hivi una jipsam na taa za kuning'inia.

Makala yenu sina shida nayo, picha zimetoka safi. Ila nimeisoma mwanzo mwisho natafuta mtu amekula nini sijaona. Kuna rangi za ukuta, kuna makochi, kuna kiyoyozi, hadi yale maua ya plastiki ya mlangoni yamepata aya yao. Chakula kimepewa nusu mstari, eti vyakula vya aina zote vinapatikana. Jamani. Mgahawa si duka la fenicha.

Sasa mimi ni mteja wa pale tangu enzi za mabenchi na nimeenda tena baada ya kufunguliwa, nimelipa hela yangu, kwa hiyo nisikilizwe.

Kwanza haki yake nimpe. Choo. Zamani ukibanwa pale ilikuwa unavuka barabara unaenda kuomba kwa watu, sasa hivi choo kipo, kina maji, kina sabuni, mlango unafungika na ndoano imekazwa vizuri. Pa kunawia mikono kuna sinki mbili maji yanatiririka, ile ndoo ya koki iliyokuwa inavuja mpaka viatu vinalowa haipo tena. Jiko limepigwa tailizi, nzi wamepungua kabisa, wahudumu wana sare na wanasalimia. Joto letu la mwezi wa kumi na moja mnalijua, kwa hiyo kiyoyozi nacho sitakisema vibaya. Wanaosema bora pangebaki kama zamani mimi sipo nao, uchafu sio utamaduni wa mtu.

Tatizo linaanza ukishakaa.

Mhudumu anakuja na kibao cha plastiki kina vimraba vyeusi vyeusi, unatakiwa uskani na simu ndo menyu ifunguke, na bando ni la kwako. Meza ya jirani alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa bandarini, mkononi ana kitochi. Akakichukua kile kibao akakigeuza nyuma, hamna kitu, akakirudisha mezani taratibu, akamuuliza yule binti, "Mwanangu, leo mmepika nini?" Binti kwa adabu zote akamwambia, "Babu vyote vipo kwenye menyu." Mzee akaagiza chai. Yule mzee miaka yote alikuwa anakula pale ugali wa muhogo na kisamvu!

Zamani pale mlangoni palikuwa na ubao mweusi na chaki. Wali samaki, wali mbaazi, ugali muhogo, pweza, bei pembeni yake. Kitu kikiisha mama mpishi anatoka na mkono wake una unga bado, anafuta mstari kwa kiganja, anarudi jikoni. Ukiwa upande wa pili wa barabara unajua kabisa kama shilingi zako zinatosha uingie au upite zako, hamna aibu hamna kuulizana. Ule ubao umetolewa. Nilimuuliza meneja, kijana mmoja mstaarabu tu, akasema ulikuwa unaharibu muonekano.

Haya, tuje kwa samaki maana ndo kilichonifanya niandike. Niliagiza wali wa nazi na changu wa kupaka. Nikaambiwa wa kupaka hawapiki siku hizi, jiko jipya halitaki moshi, kuna wa kukaanga. Nikasema sawa leta. Kikaja kwenye sahani ya pembe nne, kachumbari imepangwa pembeni kama inaenda kupigwa picha, nikamega kipande nikatia mdomoni nikajua hapa hamna changu. Sato! Yaani niko Mtwara, harufu ya bahari inaingia mpaka dirishani, nakula sato wa Ziwa Victoria aliyekatiza nchi nzima kwenye barafu, nyama imelegea, mwiba unatoka wenyewe bila kushikwa. Kutoka pale mpaka feri Shangani ni boda tu, boda tena ya kuelewana bei. Na isisemwe bahari ilichafuka. Wakati wa kusi ningeelewa, upepo ukikaza mitumbwi midogo haitoki na bei ya samaki inapaa, lakini hii ilikuwa maleleji, maji yametulia, asubuhi ile ile nimepita feri nimeona changu na tasi wamelala kwenye turubai macho yanang'aa.

Wa kupaka wa pale zamani ngoja niwaeleze maana mwandishi wenu nadhani hakuwahi kumuonja. Samaki anapasuliwa mgongoni, anapakwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, anawekwa juu ya moto wa vifuu vya nazi, vifuu sio mkaa, maana vifuu vinatoa harufu yake. Akishakauka ngozi ndo linakuja tui zito lililopikwa na ukwaju, mama analipaka kidogo kidogo kwa kijiti kimefungwa kitambaa, anageuza, anapaka, anageuza tena, tui linadondokea motoni linalia chwii, na huo moshi wake ndo uliokuwa unatuita sisi mtaa mzima. Mpishi mwenyewe bado yupo, sio kwamba ameacha kazi. Nimemuona kwa nyuma kavaa kofia nyeupe, anakaanga chipsi.

Meneja anasema menyu imebadilika sababu wateja wamebadilika, sasa hivi kuna wageni. Kweli wapo. Bandari yetu imechangamka, korosho za kusini zinapakiwa hapa hapa badala ya kupandishwa kwanza Dar, malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma, watu wa gesi nao wapo, wote hao wanahitaji pa kula. Lakini nani kawaambia mgeni akisafiri kilomita mia tano na ushee kutoka Dar anakuja kutafuta chipsi kuku? Si kaziacha kwake kila kona?

Siku hiyo hiyo alikuwepo mnunuzi mmoja wa korosho, mtu wa Dar, kakaa kwenye kochi karibu na dirisha. Kamuuliza mhudumu kama kuna ming'oko, kasikia sifa zake huko Tandahimba alikotoka kuangalia mzigo. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, unaila na chumvi na pilipili, ukizoea huachi. Mhudumu akajibu haipo. Na wakati anajibu hivyo, ng'ambo ya barabara pale pale dirishani mama kakaa na sinia lake la ming'oko limefunikwa na kanga! Yule mama zamani alikuwa anauza mlangoni kabisa, baada ya ukarabati mlinzi kamhamisha eti anaziba pakingi. Mgeni akamtuma mlinzi huyo huyo akamnunulie za buku, akaanza kula pale kwenye kochi, meneja akatoka mbio kumwambia samahani bosi chakula cha nje hakiruhusiwi. Mimi nilicheka mpaka basi.

Ndo hapo sasa Mhariri ninapotaka tuelewane. Ule mgahawa haukuwa unamlisha mteja peke yake, ulikuwa unalisha na waliokuwa wanauuzia. Kina mama wa pweza, bamvua ikifika, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanakupwa mpaka miamba inabaki wazi, wanaingia na vijiti vyao, wakitoka wanakuja moja kwa moja mlango wa nyuma wa jiko, wanapimiwa, wanalipwa keshi hapo hapo wanarudi nyumbani na unga. Mbaazi zilikuwa zinatoka mashambani huku huku kwetu, na ule mwaka 2017 India ilipobana kuingiza mbaazi bei ikaanguka vibaya wakulima wakabaki na magunia ndani, pale walipika mbaazi za nazi asubuhi na jioni na hatukuchoka. Sasa hivi naambiwa kuna mtu mmoja kapewa tenda ya kuleta kila kitu, kinakuja kimegandishwa, jiko lina friza kubwa kuliko kitanda changu. Mlango wa nyuma umewekwa grili na kufuli.

Bei nayo. Wali samaki ulikuwa elfu nne, sasa kumi na mbili. Ukiuliza unaambiwa gesi ya kupikia ghali. Hapo sasa nacheka kwa uchungu kidogo maana ile ya mitungi inakuja nchini kwa meli kutoka nje, wakati yetu iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, na bomba la kuipeleka Dar lilishakamilika tangu 2015. Tunaambiwa ikifika 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi, vizuri, sisi tuliokaa juu ya kisima tuanziwe basi. Lakini hilo sio kosa la mwenye mgahawa na ni barua nyingine. Ninachosema ni kwamba elfu kumi na mbili kwa changu wa leo asubuhi aliyepakwa tui nitalipa, nitanung'unika ila nitalipa. Kwa sato wa barafu silipi tena.

Na sidhani kurekebisha ni kazi kubwa. Ubao urudi mlangoni, wakitaka wauwekee fremu ya dhahabu shauri yao. Pale uani nyuma kuna nafasi tele, lijengwe jiko dogo la vifuu nje ya tailizi zao, moshi utoke zake, mama mpishi avue ile kofia arudi kwenye kazi anayoiweza. Mama wa ming'oko apewe kimeza ndani ya geti hata kwa kumtoza kidogo. Chipsi zibaki, watoto wanazipenda. Mwenye mgahawa ni mtu msikivu, akisoma hapa kwenu atasikia kuliko nikimwambia mimi nje ya msikiti, ataona namletea maneno.

Na nyie Mhariri nawaomba mumtume tena mwandishi wenu, ila msimtume siku yoyote tu. Angalieni mwezi, aje siku za bamvua, apite kwanza feri asubuhi aone kilichoshuka, mchana aende pale aagize pweza, aulize katoka wapi na nani kalipwa. Afu bili alipe mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara