Maji Yanapopotea Chini ya Ukoka

Mteja wetu mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alikuwa akijaza tanki la lita 2,000 jioni, asubuhi analikuta limebaki nusu. Ndani ya nyumba kila koki ilikuwa nzima. Tulipozunguka bustanini tukaona ukoka wa pembeni mwa ukuta umestawi kuliko kwingine, kijani kibichi katikati ya kiangazi. Tukachimba kama sentimita 30: kiungio cha bomba la nusu inchi kimepasuka kwenye uzi, na mchanga wote umelowa kama uji.

Lita 1,000 kwa saa kumi za usiku hazifiki hata lita 2 kwa dakika. Mtiririko mdogo kiasi hicho hausikiki, na ardhi yetu ya mchanga inaunywa kabla haujatokea juu. Lakini kwa usiku na mchana ni lita 2,400, yaani zaidi ya uniti mbili kila siku.

Ndiyo maana tunawashauri wateja wa umwagiliaji wafunge sensa ya mtiririko. Ndani yake mna pangaboi dogo lenye sumaku. Maji yakipita linazunguka, na kila mzunguko unahesabiwa. Sensa ya nusu inchi tunayoitumia sana hutoa mapigo 450 hivi kwa lita, na inasoma kuanzia lita 1 hadi 30 kwa dakika.

Chukua kitalu chenye matundu 60 ya dripu, kila tundu lita 4 kwa saa. Hapo ni lita 240 kwa saa, sawa na lita 4 kwa dakika. Sensa ikionyesha 6, pengine jembe limekata mpira. Ikionyesha 2 na nusu, chujio limeziba au matundu yameshika uchafu. Hiyo hesabu ni ya karatasini, kwa sababu tanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa presha ya 0.3 bar tu, na kwa presha ndogo hivyo tundu linaweza lisifikishe lita zake 4. Kwa hiyo siku ya kufunga tunapima kila kitalu, na namba halisi ndiyo tunayoiweka kwenye kidhibiti, yaani kifaa kinachofungua valvu za vitalu na kusoma sensa. Tunakipa pia dakika mbili za kusubiri, maana mabomba yakiwa yanajaa mtiririko huwa mkubwa, na bila subira hiyo ungepata tahadhari za uongo kila siku.

Sensa inakaa baada ya tanki na chujio, kabla ya valvu zote. Tafadhali usikubali ifungwe kwenye bomba linaloingiza maji ya mgao. Maji yanaporudi hutanguliwa na hewa, na hewa nayo inalizungusha pangaboi. Ikiwa mahali pake, valvu zote zikiwa zimefungwa inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma chochote saa nane usiku, kuna bomba au valvu inayovuja.

Uvujaji ulio chini ya lita 1 kwa dakika sensa hii haiuoni. Huo upime kwa tanki lenyewe: jioni funga maji yanayoingia na yanayokwenda nyumbani, weka alama ya kalamu usawa wa maji, angalia asubuhi. Kwa tanki lenye kipenyo cha mita 1.3, sentimita 1 ni lita 13 hivi.

Ukitupigia simu, tuambie alama imeshuka sentimita ngapi na kwa saa ngapi. Fundi atajua mapema aje na nini.